Dalili si Kipimo: Hofu ya UKIMWI na Safari ya Kwenda Kupima

Somo kwa vikundi vya kujisomea vya vyama vya msingi

UTANGULIZI



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mizani, stakabadhi, akiba na mikopo. Safari hii tunazungumza juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vya hesabu vya chama, lakini lina uwezo wa kumwondoa mwanachama shambani, kumfilisi, na kumnyima usingizi miezi mingi hata kama hana ugonjwa wowote. Jambo hilo ni hofu impatayo mtu baada ya kujamiiana, bila kondomu au kwa kondomu iliyopasuka, na mtu ambaye hajui hali yake ya afya.

Jambo hili huweza kumpata mwanamume au mwanamke, kijana au mtu mzima. Kila katibu wa chama anajua kwamba fedha za mazao zikishalipwa, vilabu hujaa na nyumba za wageni hazikosi wateja. Somo hili halikuandikwa ili kumhukumu mtu kwa jambo lililokwisha kutendeka. Limeandikwa ili kuonyesha yapasayo kufanywa kuanzia asubuhi inayofuata.

Madhumuni ya somo ni kwamba, baada ya kulisoma na kulijadili, kila mwanachama aweze:

(a) kueleza kwa nini dalili za mwili haziwezi kumwambia mtu kama ameambukizwa virusi vya UKIMWI (VVU);

(b) kutaja muda wa saa 72, siku 28 na siku 90, na kazi ya kila mmoja;

(c) kumsaidia mwenzake aliyeshikwa na hofu bila kuitangaza siri yake.

1. MFANO WA KUJADILI

Tumchukue mwanachama mmoja, mkulima wa kahawa wa mkoa wa Kagera, mwenye mke na watoto. Tuseme alikwenda mjini kwa shughuli za chama, akalala na mwanamke asiyemfahamu, bila kondomu. Aliporudi nyumbani alishikwa na aibu, akanyamaza. Siku tatu zikapita, kisha wiki.

Wiki ya tatu akapata homa na koo likamuuma. Tangu siku hiyo hakuwa na amani. Kila asubuhi aliutazama ulimi wake katika kioo, na kila jioni alijipapasa shingo na makwapa akitafuta mitoki. Alishindwa kula, usiku akawa anatoka jasho, na suruali ikaanza kumpwaya. Akasema moyoni, "Basi, ndio wenyewe." Akaenda kwa mtu mmoja aliyemwahidi dawa ya kusafisha damu. Fedha zilipomwishia, aliiuza kahawa yake ikiwa bado mtini, kwa ule utaratibu wa butura ambao vyama vyetu vimeupiga vita miaka mingi. Mkewe hakuambiwa neno, na maisha yao ya ndoa yaliendelea kama kawaida. Mwezi wa nne ukapita, na mtu huyo alikuwa bado hajapima.

Wanakikundi watazame hasara zilizomo katika mfano huu. Kama mtu huyu hakuambukizwa, amepoteza mavuno yake na afya yake kwa ugonjwa asiokuwa nao. Kama ameambukizwa, hasara ni kubwa zaidi: amechelewa kuanza dawa, na amemweka mkewe katika hatari bila ya mkewe kujua. Kwa hiyo, iwe ameambukizwa au hakuambukizwa, kunyamaza hakukumsaidia. Sasa tutazame njia iliyo bora.

2. TABIA YA KUUSOMA MWILI ILITOKA WAPI?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo ugonjwa ulikuwa haujulikani. Wengine waliuita Juliana, jina lililotokana na nguo za magendo zilizokuwa zikiuzwa siku hizo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, watu waliuita "slim" kwa sababu ya kukonda kwa wagonjwa. Mtu alitambuliwa kwa macho: amekonda, anaharisha, homa haimwachi.

Hata waganga wa hospitali walilazimika kufanya hivyo. Kipimo cha kwanza cha damu kiliidhinishwa Marekani mwaka 1985, na hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nacho. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walikutana Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakaweka utaratibu wa kumtambua mgonjwa wa UKIMWI bila kupima damu. Dalili kubwa walizozitaja zilikuwa kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuharisha kwa zaidi ya mwezi mmoja, na homa ya zaidi ya mwezi mmoja.

Yafaa ieleweke vizuri kwamba utaratibu ule ulikuwa wa kuhesabu watu waliokwisha kuugua sana. Mtu aliyeambukizwa VVU asiyetumia dawa, kwa kawaida, hukaa miaka mingi kabla ya kufikia hali hiyo. Kwa wengi ni kama miaka minane hadi kumi. Katika miaka hiyo huweza kulima, kubeba gunia na kucheza ngoma kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo anayekonda wiki tatu baada ya kukutana na mtu mjini hana sababu ya kusema kwamba tayari ana UKIMWI.

Kizazi kile kilisoma dalili kwa sababu hakikuwa na kipimo. Leo kipimo kipo, na katika vituo vya afya vya serikali hutolewa bila malipo. Lakini tabia ya kusoma dalili tumebaki nayo. Hakuna karani wa chama anayepokea kahawa kwa kulitazama gunia na kukisia kilo zake. Mwili nao tuupe haki hiyohiyo.

3. DALILI ZINASEMA NINI, NA HAZISEMI NINI?

Ni kweli kwamba baadhi ya watu wanaoambukizwa VVU hupata maradhi mafupi, mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya nne. Huweza kuwa homa, koo kuuma, mitoki kuvimba, vipele mwilini, maumivu ya viungo, vidonda vya kinywani au jasho la usiku. Maradhi hayo huisha yenyewe baada ya siku au wiki chache.

Lakini kuna mambo mawili yasiyopasa kusahauliwa.

Kwanza, dalili hizo si za VVU peke yake. Malaria huleta homa na maumivu ya viungo. Mafua huleta homa na koo. Homa ya matumbo nayo ina homa yake. Mtu mwenye homa na apimwe malaria na maradhi mengine kama kawaida. Asiiache malaria imuue kwa kuwa anaogopa kitu kingine.

Pili, wako wengi wanaoambukizwa ambao hawapati dalili yoyote, au hupata homa ndogo wasiyoikumbuka. Kwa hiyo mtu aliyekaa mwezi mzima bila kuugua hana ruhusa ya kusema, "Nimepona." Kuwapo kwa dalili hakuthibitishi maambukizo, na kukosekana kwake hakuyakanushi.

Zaidi ya hayo, hofu yenyewe ina dalili zake. Mtu mwenye hofu kubwa moyo humwenda mbio, tumbo huharisha, hamu ya chakula hupotea na usingizi humruka. Asipokula atapungua uzito. Akijibonyeza shingo mara ishirini kwa siku, shingo itamuuma, naye atasema imevimba. Hapo hofu huzaa dalili, na dalili huzaa hofu nyingine, hata mtu asijue mwanzo wala mwisho.

4. SAA 72 ZA KWANZA

Katika somo lote hili, sehemu hii ndiyo isiyongoja. Ziko dawa ambazo mtu akizianza mapema baada ya tendo la hatari huweza kuzuia VVU visijijenge mwilini. Hospitalini hujulikana kwa jina la PEP. Masharti yake ni haya:

(a) Zianzwe mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote zisipite saa 72, yaani siku tatu. Aliyefika katika saa za mwanzo ana nafasi nzuri kuliko aliyefika siku ya tatu jioni.

(b) Zimezwe kila siku kwa siku 28 bila kuruka.

(c) Kabla ya kuzianza mtu hupimwa VVU, ili ijulikane kama hakuwa navyo tangu zamani.

Aliyepatwa na jambo hili aende hospitali, au kliniki inayotoa dawa za kufubaza VVU, aseme wazi: "Nilikuwa katika hatari siku fulani, saa fulani." Mhudumu atapima ukubwa wa hatari na kumshauri. Kama zahanati ya karibu haina dawa hizo, aulize ni wapi zinapopatikana na aondoke siku hiyohiyo. Asingoje siku ya mnada wala siku ya mkutano.

Aliyebakwa naye aende hospitali mara moja, kwa ajili ya dawa hizi na matibabu mengine, na kwa mwanamke, kinga ya mimba asiyoitaka. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha amweleze mhudumu hali yake, kwani afya ya mtoto nayo imo katika hesabu.

Mtu ambaye saa 72 zimekwisha kumpita asikate tamaa. Mlango wa dawa ya kuzuia umefungwa, lakini mlango wa kipimo na wa tiba uko wazi. Naye ambaye hatari yake hurudi mara kwa mara aulize juu ya dawa za kinga zinazotumiwa kabla ya tendo, maana PEP haikuwekwa kwa ajili ya kila mwisho wa wiki.

5. KUPIMA LINI?

Wengi hupima siku ya nne, wakapata jibu la kutokuwa na VVU, wakafurahi. Wengine hupima siku hiyo na kurudi tena kila wiki. Wote wawili hawajaelewa namna kipimo kinavyofanya kazi.

Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na virusi hivyo. Mwili huhitaji muda kuwatengeneza. Kwa wengi huonekana baada ya wiki kadhaa, lakini kwa baadhi huchelewa hadi karibu miezi mitatu. Katika kipindi hicho cha kungojea, mtu huweza kuwa na VVU, akavipitisha kwa mwenzake, na kipimo kisivione.

Utaratibu ulio rahisi kukumbuka ni huu:

Siku ya kwanza kwenda kituoni: kupima ili kujua hali iliyokuwapo kabla ya tendo lile. Jibu hili halisemi lolote juu ya tendo lenyewe.

Wiki ya sita: kupima tena. Jibu la kutokuwa na VVU wakati huu ni habari njema, ingawa kwa kipimo cha kidole si la mwisho. Baadhi ya maabara zina kipimo cha damu ya mshipani kinachotafuta pia sehemu ya virusi vyenyewe. Hicho hutoa jibu la kutegemewa baada ya siku 45.

Siku ya 90: kupima kwa mara ya mwisho. Jibu la kutokuwa na VVU siku hii, kama hapakuwa na hatari nyingine katikati, ni jibu kamili.

Aliyetumia PEP afuate tarehe atakazopewa na mhudumu, kwa sababu dawa hizo huweza kubadili hesabu ya siku.

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mtu anaruhusiwa pia kujipima mwenyewe, kwa mfano kwa kifaa kinachopitishwa kwenye ufizi. Ni msaada mkubwa kwa anayeogopa kuonekana kituoni. Hata hivyo kifaa hicho nacho hutafuta kingamwili, hivyo siku 90 zinakihusu pia. Na kikionyesha VVU, hapana budi kwenda kituoni kuthibitisha.

Katika muda wote wa kungojea, mtu atumie kondomu na mwenzi wake au ajizuie, na asichangie damu. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana kutoa kondomu nyumbani ghafla huzua maswali. Mshauri wa kituoni amezoea kuwasaidia watu kupata maneno ya kusema. Ni afadhali mazungumzo magumu ya jioni moja kuliko maambukizo ya maisha. Tena jibu la mume si jibu la mke, wala la mke si la mume. Kila mmoja hupimwa kivyake.

6. JIBU LIKISHATOKA

Jibu la kuwa na VVU halitolewi kwa kipimo kimoja. Huthibitishwa kwa vipimo vingine kabla mtu hajaambiwa. Likithibitishwa, mtu huanza dawa mapema. Tangu mwaka 2016 utaratibu wa Tanzania ni kumpa dawa kila mwenye VVU bila kungoja augue. Anayezimeza vizuri kila siku huweza kuishi umri mrefu na kufanya kazi zake. Na virusi vikishapungua hata visionekane katika kipimo, na kubaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Wakulima wa mwaka 1983 hawakuwa na habari hii. Sisi tunayo.

Dawa hizi hazina mbadala wa kichochoroni. Mwaka 2011 umati mkubwa ulifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wako wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona. Haikuthibitishwa kamwe kwamba kikombe kile huponya VVU. Mwanachama anayeuza kahawa mtini ili anunue dawa ya kusafisha damu hupata hasara mara mbili.

7. HOFU ISIYOKWISHA

Wako watu ambao jibu la siku ya 90 limetoka, hawana VVU, lakini hawaamini. Hupima tena mwezi wa nne, wa sita, wa tisa, kila mara katika kituo kingine. Huuliza kama mashine ilikosea, au kama wao ni tofauti na watu wengine.

Kwa watu hao yafaa kusema mambo mawili. La kwanza ni la hesabu. Tendo moja la mwanamume na mwanamke kwa njia ya kawaida, hata kama mmoja wao ana VVU na hatumii dawa, kwa wastani huambukiza chini ya mara moja katika matendo 100. Hatari huongezeka kukiwa na vidonda au magonjwa ya zinaa, au kama mwenye virusi ameambukizwa karibuni. Na kujamiiana kwa njia ya haja kubwa kuna hatari zaidi. Wastani huo usimfanye mtu aache kwenda kupima. Wastani wa mvua ya wilaya haumwambii mkulima kama shamba lake litanyeshewa. Lakini unamwonyesha kwamba tendo moja si hukumu.

La pili ni la moyo. Mara nyingi kinachomsumbua mtu huyu si virusi tena. Ni aibu, au majuto juu ya ndoa yake, au siri aliyoibeba peke yake. Kipimo cha damu hakiwezi kutibu hayo, hata kikirudiwa mara kumi. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye: mshauri nasaha, mganga, au mtu mzima anayemwamini. Na mtu yeyote anayesema kwamba afadhali afe asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kama tunavyompeleka aliyeumwa na nyoka.

8. WAJIBU WA CHAMA

Mwezi wa Julai mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma Kikwete, walipima VVU hadharani jijini Dar es Salaam walipozindua kampeni ya taifa ya upimaji. Viongozi wa vyama vya msingi wanaweza kufuata mfano huo wa kutangulia. Katika siku ya mkutano mkuu, halmashauri inaweza kuomba kituo cha afya kilete wahudumu wa kupima, ili mwanachama apime siku ambayo wengi wanapima na asionekane amejitenga.

Lakini kutangulia si kulazimisha. Sheria ya mwaka 2008 juu ya VVU na UKIMWI inataka upimaji uwe wa hiari, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa ndani yake. Inalinda siri ya majibu, na inakataza ubaguzi. Kwa hiyo chama hakina haki ya kudai cheti cha kipimo kabla ya kumpa mtu mkopo au uanachama. Katibu aliyeambiwa siri na mwanachama ailinde kama anavyoulinda ufunguo wa sanduku la fedha. Siri ikitoka mara moja tu, hakuna mwanachama mwingine atakayesema neno, na wote watarudi katika kioo na kuutazama ulimi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Rudieni mfano wa sehemu ya kwanza. Ni katika siku zipi mwanachama yule angeweza kuchagua njia nyingine? Taja kila siku na kitendo chake.

2. Mwanachama anasema, "Nimepima siku ya kumi, sina kitu, basi nimemaliza." Utamjibu nini?

3. Mwingine anasema, "Sijapata homa wala kipele, kwa hiyo sina haja ya kupima." Mjibuni kwa kutumia sehemu ya tatu.

4. Kutoka kijijini kwenu, ni kituo gani cha karibu kinachotoa PEP? Usafiri wa kufika huko huchukua saa ngapi, na usiku hali ikoje?

5. Mtu anayehitaji nauli ya kwenda hospitali usiku anaweza kusaidiwa vipi na chama bila kuulizwa sababu?

KAZI YA KIKUNDI: Kabla ya kikao kijacho, wanakikundi wawili, mwanamume na mwanamke, waende kwenye kituo walichokitaja katika swali la nne. Waulize saa za huduma, siku za kupima, na kama dawa za PEP zipo. Majibu yao yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa katika ubao wa matangazo wa chama, karibu na bei ya kahawa, mahali ambapo kila mtu huweza kusoma bila kuonekana anasoma nini.